Ngozi Isiyo na Jedwali

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilichapisha waraka wa kitaalamu wenye namba 15066. Waraka huo unahusu roboti shirikishi, yaani mikono ya chuma inayofanya kazi bega kwa bega na binadamu bila uzio kati yao. Mwishoni mwake mna jedwali. Humo mwili wa binadamu umetiwa alama mahali 29: paji la uso, shavu, shingo, bega, kiganja, kidole cha shahada, goti, muundi. Mbele ya kila mahali pameandikwa mkandamizo ambao ngozi na nyama ya hapo huweza kuupokea hadi maumivu yanapoanza. Umeandikwa pia ukomo wa nguvu. Uso usibanwe kwa nguvu inayozidi nyutoni 65, takriban uzito wa kilo sita na nusu. Tumbo lisipite nyutoni 110, mkono na vidole visipite 140.

Nimelisoma jedwali hilo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu asiye mhandisi. Kila ninapolisoma hunijia swali moja: ngozi hii iliyopimwa kwa uangalifu wote huu ni ya nani? Maana katika ghuba ya Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, ziko ngozi nyingine zilizo kazini kila bamvua, zinazokatwa, kuchomwa na kuchubuka ili viwanda vya mbali vipate malighafi. Hizo hazina jedwali. Hazina hata safu katika daftari.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba tofauti kati ya ngozi hizo mbili haikuletwa na sayansi wala na umaskini wetu. Ngozi hupimwa pale ambapo sheria imekwisha kumtaja mtu atakayelipa ikijeruhiwa. Pasipo mlipaji hakuna mpimaji. Sisi Tanzania tumeandika sheria zetu kwa namna ambayo mwanamke wa Mlingotini hana wa kumlipa.

Nianze na roboti, kwa sababu wapo watakaosema kwamba jambo hilo halituhusu. Roboti za zamani za viwandani zilifungiwa ndani ya uzio kama simba wa maonyesho. Mtu akifungua mlango, mashine inazimika. Katikati ya miaka ya 1990 Colgate na Peshkin, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, walianza kueneza wazo la mashine isiyotengwa na mtu. Mwaka 2008 kampuni moja ya mji wa Odense, Denmark, ikauza mkono wa kwanza wa aina hiyo. Uzio ukaondoka, na ulipoondoka, kugongana kukawa jambo la kutarajiwa. Wataalamu wakagawa migongano mafungu mawili. Upo mgongano wa kupita, ambapo chuma kinakugusa nawe una nafasi ya kujivuta. Upo pia mgongano wa kubana, ambapo kiganja chako kinanaswa kati ya chuma na meza. Wa kwanza umeruhusiwa nguvu mara mbili ya wa pili, isipokuwa kichwani na usoni, ambako nyongeza hiyo haipo. Na ili asipigwe mtu wakati wa majaribio, kimeundwa kifaa chenye springi na tabaka la mpira kinachoiga mwili: springi ngumu kwa fuvu, laini kwa tumbo. Roboti huamriwa kukigonga kifaa, na namba ikizidi ile ya jedwali, mashine hupunguzwa kasi.

Zingatia kwamba hapa hatuzungumzii vifo wala mikono iliyokatika. Waraka mzima umeandikwa kwa ajili ya michubuko. Alama ya wekundu, uvimbe wa siku mbili, kidole kilichobanwa: majeraha ambayo katika nchi hii mtu akiyataja mbele ya bosi wake ataambiwa anadeka. Wenzetu wameyaundia kifaa, wakayaandikia waraka, na kufikia mwaka 2025 yaliyomo yakaingizwa katika kiwango kikuu cha roboti za viwandani, ISO 10218.

Sililetei jedwali hilo mbiu ya sifa. Kiwango chochote cha maumivu ni kinga na ni ruhusa pia. Kinamwambia mwenye kiwanda asivuke hapa, kisha kinamwambia kwamba akiwa chini ya hapa hana kosa. Mikandamizo iliyoandikwa humo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, ambako watu wazima 100 wenye afya njema walikandamizwa taratibu hadi waseme kwamba sasa panaanza kuuma. Iliyochukuliwa kuwa ukomo ni namba ambayo robo tatu ya vipimo vilikuwa chini yake au sawa nayo. Kwa lugha ya darasani, chuma kinapofika kwenye ukomo ulioruhusiwa, wengi wa wale mia walikwisha kuanza kusikia maumivu. Watu wazima, wenye afya, mia moja, wa mji mmoja. Hakuwamo bibi wa miaka 60 mwenye kisukari. Tena namba zote hizo hazina maana iwapo mkono wa roboti umeshika kisu au bati lenye ncha, jambo ambalo wauzaji huwa hawalitangulizi kwenye matangazo yao.

Hata hivyo, kasoro za jedwali ni kasoro za kitu kilichopo. Mfanyakazi wa Stuttgart anaweza kulishika mkononi akabishana na mwajiri wake. Tushuke sasa Mlingotini.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya miaka mingi ya utafiti uliosukumwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kikavuka hadi bara: Tanga, Bagamoyo, Lindi, Mtwara. Njia iliyozoeleka ni rahisi kuieleza. Vigingi vinapigwa mchangani, kamba inavutwa kati ya kigingi na kigingi, vipande vya mbegu vinafungwa kwenye kamba kwa nyuzi fupi zinazoitwa tai-tai. Baada ya wiki sita hivi mwani unavunwa, unabebwa ukiwa umelowa, unaanikwa, unauzwa kwa kilo. Kazi yenyewe inaamriwa na mwezi. Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, wanawake, ambao ndio wengi katika kilimo hiki, wanaingia baharini na kuinama kwa saa kadhaa, miguu na mikono yao ikiwa ndani ya maji ya chumvi yenye joto, hadi bahari itakapoanza kujaa.

Ngozi inakutana na nini humo? Na magamba ya chaza na makombe yenye makali. Na viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha penye majani. Na taa aliyejifukia mchangani, ambaye mwiba wake ukiingia mguuni mtu hafanyi kazi kwa muda mrefu. Na yavuyavu. Na kamba ya nailoni inayokata pale pale ilipokata jana, kwa kuwa fundo ni lile lile na kidole ni kile kile. Na vipele na muwasho. Katika bahari za joto umo mwani mdogo wa nyuzinyuzi, wanasayansi huuita Lyngbya, ambao sumu yake hubabua ngozi na kuwasha macho, nao hujishika kwenye mwani uliopandwa. Mkulima anaundoa kwa mkono mtupu. Juu ya yote hayo ni chumvi, ambayo haiachi kidonda kifunge, na jua linalopiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini.

Haya sikuyabuni ili kunogesha hoja. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden na wa huku kwetu walichapisha katika jarida la kisayansi la Aquaculture utafiti wao kuhusu wanawake wa mwani Zanzibar. Waliuliza katika kichwa cha makala yao kama gharama ya mradi huo wa maendeleo si kubwa mno. Wanawake waliohojiwa waliihesabu afya yao kuwa duni. Walitaja uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa, matatizo ya kupumua, ya macho, mizio, na majeraha ya wanyama wa baharini na makombe. Utafiti huo ulifanyika Unguja, lakini kigingi ni kile kile na maji ni yale yale. Yeyote anayedhani mguu wa Mlingotini ni mgumu kuliko mguu wa Chwaka na auonyeshe ushahidi wake.

Na hali haisimami. Aina ya mwani yenye bei nzuri, cottonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kila yanapopata joto kupita kiasi. Ushauri wa wataalamu, wenye mantiki kwa upande wa mmea, ni kusogea kwenye kina kikubwa zaidi na kutumia kamba zinazoelea. Kwa upande wa mwili maana yake ni kwamba maji yaliyokuwa yakifika magotini sasa yanafika kifuani, kwa watu ambao wengi wao hawajui kuogelea. Mmea ulifanyiwa tathmini. Aliyeubeba hakufanyiwa.

Kuna jambo moja ambalo kila ninapolitafakari hunikosesha utulivu. Ndani ya mwani huo mna ute uitwao karagenani. Viwanda huutumia kugandisha maziwa na malai, kushikamanisha dawa ya meno, na kulainisha losheni na krimu za kupaka. Ngozi ya mtu wa Mlingotini inakwaruzwa ili ngozi ya mtu mwingine iteleze. Sina haja ya kuongeza chumvi hapo.

Kwa nini, basi, Mainz walipima na sisi hatukupima? Jibu la haraka ni kwamba wao wana fedha na vyuo. Jibu hilo ni la kivivu. Tazama nani aliyegharimia utafiti wa Mainz: ni taasisi ya bima ya ajali za kazini ya Ujerumani, ambayo michango yake hulipwa na waajiri. Taasisi hiyo ina asili yake katika sheria ya Julai 1884, enzi ya Bismarck, iliyomlazimisha mwajiri kuchangia mfuko unaomlipa mfanyakazi aliyeumia, bila mfanyakazi huyo kuhangaika kuthibitisha kosa la tajiri. Ukishamlazimisha mtu kulipia kila mchubuko, ataanza mwenyewe kuuliza mchubuko unatokea vipi na unazuilika vipi. Vipimo vya ngozi vya karne hii ni mjukuu wa ankara ya 1884.

Msomaji wa pwani hii anaufahamu mwaka 1884 kwa sababu nyingine. Novemba ya mwaka huohuo Carl Peters alifika Unguja, akavuka hadi Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, akaingia Usagara kukusanya mikataba ya ulaghai ambayo Ujerumani iliifanya hati ya kumiliki nchi. Miezi minne ilitenganisha mambo hayo mawili: dola moja, mwaka mmoja, ikiujengea mfuko mwili wa mfanyakazi wake na kuutafutia milki mwili wa mfanyakazi wetu. Bagamoyo ikawa makao makuu ya koloni hadi 1891. Na isidhaniwe kwamba Wajerumani hawakuipima ngozi ya mtu wa hapa. Waliipima. Amri ya kansela ya Aprili 1896 iliweka ukomo wa viboko 25 kwa mkupuo, na mkupuo wa pili usitolewe kabla ya wiki mbili kupita. Babu zetu waliliita jedwali hilo hamsa ishirini. Lilikuwa na namba, lilikuwa na mapumziko ya kuponya jeraha, na mganga, kama yupo, alitakiwa awepo. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa fidia.

Sisemi kwamba watafiti wa Mainz wanabeba dhambi za Peters. Ninasema kwamba kupima mwili hakutokani na huruma. Hutokana na uhusiano wa madaraka kati ya anayefanya kazi, anayefaidika, na dola inayosimama katikati yao. Uhuru tuliupata 1961. Tangu hapo dola inayosimama katikati ni yetu, na maswali tuelekezane wenyewe.

Dola yetu ina sheria nzuri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 ipo, na wakala wa kuisimamia, OSHA, upo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya 2008 ilifuta utaratibu wa kikoloni uliokuwa ukitoa fidia za kuaibisha, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 unachangiwa na mwajiri peke yake. Hiyo ndiyo kanuni ya 1884, imetufikia baada ya miaka 131, na ninaiheshimu. Lakini mlango wa kuingilia humo ni mmoja: ajira. Lazima awepo mwajiri, na mtu aliyeajiriwa naye. Mwanamke wa mwani akifika mlangoni anaulizwa mwajiri wake ni nani. Hana. Yeye, karatasi zinasema, ni mkulima huru.

Tuuchungulie uhuru huo. Katika mfumo uliozoeleka pwani yetu, mnunuzi ndiye anayetoa kamba na tai-tai. Aliyepokea vifaa hivyo anatarajiwa kumuuzia yeye. Bei anaitaja mnunuzi. Aina ya mwani inayotakiwa anaichagua mnunuzi. Kiwango cha ukavu anakiamua mnunuzi. Mvua ikinyesha juu ya mwani ulioanikwa, hasara ni ya mkulima. Mwani ukifa kwa joto, hasara ni ya mkulima. Mguu ukichomwa na taa, mguu ni wa mkulima. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wakiulizwa katika mtihani kwamba uhusiano huu ni wa namna gani, hakuna atakayejibu kwamba ni biashara kati ya watu wawili huru waliokutana sokoni. Ni ajira iliyovuliwa majukumu ya mwajiri. Bendera ya chama tawala ina jembe na nyundo. Sheria yetu ya fidia inaiona nyundo tu.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu yametolewa mbele yangu katika makongamano, baada ya chai.

La kwanza ni kwamba mtu aliyejiajiri hawezi kufidiwa na mfuko wa waajiriwa, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyo duniani. Sivyo yalivyo. Ujerumani hiyohiyo, miaka miwili tu baada ya sheria ya viwanda, mwaka 1886 iliifikisha bima ya ajali mashambani, na leo mkulima anayejitegemea huko yumo katika bima hiyo kwa lazima. Hata kwetu, mwaka 2018 sheria za hifadhi ya jamii ziliporekebishwa, NSSF ilikabidhiwa sekta binafsi pamoja na sekta isiyo rasmi. Basi dola inajua namna ya kumfikia aliyejiajiri pale inapotaka mchango wake wa uzeeni. Njia ya kumfikia akiwa amekatwa mguu ndiyo inayosemekana haipo. Nitaambiwa pia kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023 itamtibu. Itakapomfikia, itamtibu. Haitamlipa bamvua mbili alizokaa ndani akisubiri kidonda kifunge, na kwa mtu anayelipwa kwa kilo, bamvua mbili ni ada ya mtoto.

La pili ni kwamba wanunuzi watahamia Indonesia au Ufilipino. Hoja hii ina uzito, kwa sababu nchi hizo ndizo kubwa katika biashara hii, na sisi, ingawa ni wakubwa barani Afrika, ni wadogo sokoni. Lakini kinachodaiwa ni tozo ndogo juu ya kila kilo inayosafirishwa na jozi ya viatu vya mpira pamoja na kamba. Mnunuzi ambaye biashara yake inaangushwa na viatu vya mpira hakuwa na biashara. Alikuwa na miguu ya watu.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu husemwa na watu wema: kwamba mwani umewakomboa akina mama. Wamejenga nyumba, wamesomesha, wamepata kauli mbele ya waume zao. Ni kweli, na si kidogo. Anayebeza fedha iliyo mkononi mwa mwanamke wa kijijini hajawahi kuikosa. Lakini ni lini mafanikio ya mtu yamekuwa sababu ya kumnyima kinga? Fundi wa Stuttgart analipwa mara nyingi zaidi ya mkulima wa mwani, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuwa amejenga nyumba, roboti na imgonge.

Na wale wanaosema kwamba ni mikwaruzo tu, nimekwisha kuwajibu. Waraka 15066 ni wa mikwaruzo tu.

Pengine umejiuliza, ndugu msomaji, kama jibu haliwezi kuwa mashine yenyewe: mkono wa chuma ufunge tai-tai, mwanamke abaki ufukweni akiusimamia. Kitaalamu si muhali. Kiuchumi hakuna atakayeuleta, na sababu yake ni ileile ninayoilalamikia. Mtaji hununua mashine pale ambapo mwili wa mtu una gharama. Mwili ambao ukiumia haulipiwi na yeyote ni wa bei ya chini kuliko roboti yoyote itakayowahi kuundwa. Anayetamani teknolojia ifike ghubani na aanze kwa kuuwekea mwili bei.

Roboti zitafika pwani hii kwa mlango mwingine, na hapo ndipo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wana kazi. Jirani na Mlingotini ni Mbegani, mahali palipopangwa bandari kubwa ya Bagamoyo na ukanda wa viwanda. Makubaliano ya awali na Wachina yalifanywa 2013. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa hadharani kwa sababu ya masharti yake. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Bandari za kisasa na viwanda vinavyozizunguka haviji tena na makuli na majembe peke yake. Vinakuja na mashine zinazojiendesha. Tanzania ni mwanachama wa ISO kupitia Shirika la Viwango (TBS). Itakuwa rahisi siku hiyo kuzichukua namba za Mainz kama zilivyo na kuzipiga muhuri.

Ningewasihi wasifanye haraka. Wekundu wa mchubuko hauonekani kwa urahisi juu ya ngozi nyeusi, hivyo mkaguzi aliyefundishwa kutafuta wekundu atatoka kiwandani na ripoti safi. Vyuo vyetu vina idara za tiba na za uhandisi; kupima maumivu ya watu mia wa Bagamoyo si mradi wa kwenda mwezini. Ila linalonitia hofu zaidi ni picha ya siku ile yenyewe: ndani ya uzio wa bandari yuko kijana mwenye mkataba, ambaye kiganja chake kinalindwa kwa nyutoni 140, nje ya uzio, hatua chache tu, yuko mama yake ndani ya maji, asiyelindwa kwa chochote. Hapo nimechukulia kwamba ghuba itakuwa bado yake.

Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliongeza usalama na afya kazini katika orodha ya haki za msingi za kazi, zinazoibana kila nchi mwanachama wa ILO hata kama haijaridhia mkataba husika. Haki hiyo haikuandikwa kuwa ya waajiriwa wa viwandani pekee. Orodha ya ILO ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyorekebishwa 2010, ina fungu zima la magonjwa ya ngozi. Serikali yetu ina msingi wa kisheria wa kusogea ikitaka. Sheria ya 2008 inaweza kurekebishwa ili mnunuzi anayetoa vifaa na kutarajia kuuziwa yeye ahesabiwe kuwa mwajiri kwa ajili ya fidia, na mchango wake ukokotolewe kwa kilo badala ya mshahara. OSHA inaweza kulitangaza shamba la mwani kuwa mahali pa kazi, na kumtaka anayeleta kamba alete na viatu, glavu zinazofaa majini, na sanduku la huduma ya kwanza lenye kitu cha kuchemshia maji, kwa sababu maji ya moto, yale ambayo ngozi inayastahimili, ndiyo huduma ya kwanza ya mwiba wa taa. Wanaharakati wanaopigania bei ya mwani, nao ninawaunga mkono, waiingize ngozi katika madai ya bei.

Hayo yatasubiri Bunge. Lipo moja lisilosubiri. Mganga wa zahanati yoyote ya pwani, kuanzia kesho asubuhi, anapoandika kwamba mgonjwa ana kidonda cha mguu au vipele vya mikono, na aandike pembeni maneno matatu: kazi yake, mahali alipoumia, siku alizokosa kazi. Afisa wa halmashauri aziombe kurasa hizo kila mwisho wa robo mwaka. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya tasnifu, na wanaoniandikia kila Oktoba kwamba mada zote zimekwisha, wazifuate hizo kurasa huko huko Bagamoyo.